Malipo ya Hifadhi kwa Wakulima wa Kaunti za Marekani: Nani Analipwa, kwa Lipi, na Hesabu Inapigwaje

Fungua orodha ya malipo ya hifadhi ya kaunti yoyote ya mashambani Marekani, iwe Iowa, Kansas au mashariki ya jimbo la Washington, na utakuta majina, kila jina na dola zake. Huyu dola 9,690, yule 31,000, wa tatu 460. Wengi huishia hapo: wanaona tarakimu kubwa, wanaguna, wanasema serikali inagawa hela kwa watu wasiolima. Lakini tarakimu hizo si za aina moja. Ya kwanza inaweza kuwa pango la ardhi iliyopumzishwa kwa mwaka mmoja. Ya pili huenda ni mchango wa serikali kwenye ujenzi wa bwawa la samadi ambalo mkulima alishalitolea fedha zake nyingi zaidi. Ya tatu ni pango la kipande cha nyasi kando ya kijito. Ukizijumlisha na kuziita ruzuku, utakuwa umepata jumla ya kitu kisicho na jina.

Swali linalofaa kuulizwa mbele ya kila mstari ni hili: serikali imenunua nini hapa, na imekinunua kwa miaka mingapi?

Mzizi wa malipo haya

Miaka ya 1930 upepo ulibeba udongo wa nyanda za kati za Marekani hadi pwani ya mashariki. Tarehe 27 Aprili 1935 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyounda Huduma ya Hifadhi ya Udongo, ikiongozwa na Hugh Hammond Bennett. Januari 1936 Mahakama ya Juu ikabatilisha mpango wa kuwalipa wakulima wapunguze uzalishaji ili bei ipande. Haikuchukua miezi miwili, ikaja sheria mpya iliyowalipa wakulima wahame kutoka mazao yanayochosha udongo kwenda yanayoulinda. Kwa kuwa mazao yaliyoitwa ya kuchosha udongo ndiyo yaleyale yaliyojaa ghalani, lengo la kupandisha bei lilibaki palepale, limevishwa koti la hifadhi.

Sura hizo mbili hazijaachana hadi leo. Mwaka 1956 ikaja Benki ya Udongo. Kisha Desemba 1985, wakati wakulima wengi wamezama kwenye madeni na nafaka haina bei, Sheria ya Usalama wa Chakula ikaanzisha mpango ambao bado ndio unaoonekana zaidi kwenye orodha za kaunti: Mpango wa Akiba ya Hifadhi, ujulikanao kwa herufi zake CRP. Ulilinda udongo na kupunguza nafaka sokoni kwa mpigo mmoja. Ulifikia kilele mwaka 2007, ekari milioni 36.8. Bei ya mahindi na soya ilipopanda, wakulima walirudisha ardhi kwenye jembe mikataba ilipoisha, na Bunge nalo likashusha kikomo cha taifa hadi ekari milioni 24. Sheria ya kilimo ya 2018 ilikipandisha tena hadi milioni 27 kufikia 2023, na sheria hiyo imekuwa ikiongezewa muda tangu hapo.

Ofisi mbili chini ya paa moja

Katika mji mkuu wa kaunti, mara nyingi ndani ya jengo moja, kuna ofisi mbili za Wizara ya Kilimo. Wakala wa Huduma za Mashamba, FSA, ndio wenye daftari: namba ya shamba, namba ya kipande, ekari, nani mwenye ardhi na nani mpangaji, na hundi za CRP. Huduma ya Hifadhi ya Maliasili, NRCS, ndiyo iliyorithi kazi ya Bennett. Mafundi wake hupima mteremko, hutayarisha mpango wa hifadhi, husanifu matuta na mabwawa, na husimamia mikataba ya kuchangia gharama.

Maamuzi mengi ya FSA hupita mbele ya kamati ya kaunti, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wakulima wenyewe kwa kipindi cha miaka mitatu. Jambo hili lina pande mbili. Kamati inajua ni bonde gani hufurika na nani hulima kweli. Inajua pia nani ni shemeji ya nani, ndiyo maana uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa nje ya kaunti.

Pembeni kuna wilaya ya hifadhi ya udongo na maji, chombo cha eneo chenye bodi yake. Ya kwanza, Brown Creek, ilisajiliwa mwaka 1937 huko North Carolina, katika kaunti alikozaliwa Bennett. Wilaya hizi hushauri vipaumbele, na katika majimbo mengine zina fedha zao za kuongezea. Fedha za jimbo hazionekani kwenye orodha za serikali kuu, jambo la kukumbuka unapodhani umeona picha nzima.

CRP: serikali kama mpangaji

CRP ni upangaji. Mwenye ardhi anaacha kuvuna ekari fulani kwa miaka 10 hadi 15, anaifunika kwa nyasi, maua au miti, na serikali inamlipa pango kila mwaka. Hundi hutoka baada ya tarehe 1 Oktoba, mwaka wa fedha wa serikali unapoanza. Kwa hiyo mtu akiona mkulima kalipwa Oktoba ilhali hajavuna chochote, hajagundua siri: ndivyo mkataba unavyosema.

Si kila ardhi inaingia. Shamba lenyewe lazima liwe lililimwa au kuhesabiwa limelimwa katika miaka minne kati ya sita, kuanzia 2012 hadi 2017. Mmiliki awe ameimiliki kwa angalau miezi 12 kabla ya ofa, ili watu wasinunue ardhi leo na kuipangisha kwa serikali kesho. Juu ya hapo inatakiwa sababu ya kimazingira, na ya kawaida kabisa ni kwamba udongo unamomonyoka kwa urahisi, yaani una kipimo cha mmomonyoko cha 8 au zaidi.

Kuna milango mitatu. Wa kwanza ni wa jumla, unaofunguliwa kwa awamu: mashamba mazima huingia kwenye ushindani wa taifa. Wa pili uko wazi muda wote na hauna ushindani, lakini ni kwa vipande vidogo vyenye kazi kubwa: ukanda wa nyasi unaochuja maji kabla hayajafika mtoni, mkondo wa nyasi katikati ya shamba, msitu wa kando ya mto, ardhioevu iliyorudishwa. Wa tatu ni wa malisho, ambako mfugaji anaendelea kulisha mifugo lakini anakubali kutoyalima, na kwa kuwa bado anatumia nyasi, malipo yake kwa ekari ni madogo sana.

Kiwango cha pango ndicho chanzo cha ubishi mwingi, basi tukipige hesabu. Idara ya takwimu ya wizara hutoa wastani wa pango la mashamba yasiyomwagiliwa kwa kila kaunti. Wastani huo hurekebishwa kulingana na uzalishaji wa kila aina ya udongo, hivyo udongo mzuri unapata zaidi ya wastani na mbovu unapata pungufu. Ofa inapoletwa, ofisi huchukua aina tatu za udongo zilizotawala eneo hilo na kutafuta wastani wake. Kisha sheria ya 2018 inakata: mlango wa jumla hulipa hadi 85% ya kiwango hicho, mlango wa wazi hadi 90%.

Chukua ekari 80 za kubuni. Ekari 40 zina udongo wa dola 160, ekari 25 za dola 140, ekari 15 za dola 100. Jumla ni 6,400 + 3,500 + 1,500, yaani 11,400. Gawa kwa 80, unapata dola 142.50 kwa ekari. Asilimia 85 yake ni takriban 121.13, na kwa ekari 80 ni dola 9,690 kwa mwaka. Ndiyo ile tarakimu ya kwanza kwenye orodha yetu. Kwa miaka 10 ni dola 96,900, na hapo ndipo vichwa vya habari hupatikana: ukijumlisha muongo mzima bila kuutaja, mwenye ekari 80 anaonekana tajiri.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini kaunti mbili jirani hulipa tofauti, na kwa nini mkulima mwenye mteremko mbovu ndani ya kaunti yenye ardhi nzuri hufurahia CRP kuliko jirani yake wa bondeni. Wa bondeni angepata zaidi kwa kupangisha kwa mkulima mwingine. Makato ya 15% yaliwekwa makusudi ili serikali isishindane na vijana wanaotafuta ardhi ya kukodi.

Kikomo cha mtu mmoja ni dola 50,000 za pango kwa mwaka. Kwa kiwango cha mfano wetu kinagonga kwenye ekari 412 hivi. Ukiona jina la ubia limepita hapo, usikimbilie kusema sheria imevunjwa: malipo huhesabiwa hadi kwa watu waliomo ndani, na ubia wa kawaida wa watu watatu una vikomo vitatu.

Ushindani wenyewe

Ofa za mlango wa jumla hupewa alama kwa kielezo kimoja cha taifa. Makazi ya wanyamapori yana hadi alama 100, ubora wa maji hadi 100, mmomonyoko hadi 100, manufaa yatakayobaki baada ya mkataba hadi 50, ubora wa hewa hadi 45, kisha inakuja gharama. Alama za mmomonyoko na mahali shamba lilipo huwezi kuzibadilisha. Unachoweza kubadilisha ni viwili tu: mchanganyiko wa mbegu na bei. Nyasi za asili za aina nyingi zikichanganywa na maua yanayovuta nyuki hupata alama nyingi kuliko nyasi ngeni za aina moja, na kuomba pango lililo chini ya kima cha juu huongeza alama kidogo.

Hapa wengi hujikwaa. Mtu anachagua mchanganyiko wa alama za juu kwenye makaratasi, halafu anakuta mbegu zake ni ghali na hazipatikani kwa urahisi. Serikali huchangia hadi 50% ya gharama ya kuotesha. Tuseme mbegu, maandalizi na kupanda vinagharimu dola 150 kwa ekari. Ekari 80 ni 12,000, na 6,000 zinatoka mfukoni mwa mwenye ardhi. Zaidi ya nusu ya pango la mwaka wa kwanza imekwenda. Anayetoa ofa kwa bei ya chini ili ashinde, bila kupiga hesabu ya mbegu, hujikuta anaifanyia serikali kazi ya hasara kwa mwaka mzima.

Mlango wa wazi una vivutio vya ziada, ikiwemo malipo ya kusaini na kiwango kikubwa zaidi cha pango, kwa sababu vipande vyake ni vidogo na vinasumbua kuvizunguka na mashine. Nadhani hapo ndipo dola ya hifadhi inapofanya kazi kubwa zaidi. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Iowa State yaliyofanyika kwenye hifadhi ya wanyamapori ya Neal Smith, jimboni Iowa, yalionyesha kwamba kugeuza asilimia 10 ya shamba la mahindi na soya kuwa mistari ya mimea ya asili kunaweza kupunguza udongo unaotoka na maji kwa takriban 95%. Mistari hiyo sasa ina namba yake ndani ya CRP, CP43. Ukanda wa kuchuja maji ni CP21, msitu wa kando ya mto ni CP22, makazi ya nyuki ni CP42. Ukikuta namba hizi kwenye faili, unajua kilichonunuliwa bila kuuliza mtu.

Baada ya kusaini

Watu hudhani CRP ni kufunga lango na kusubiri Oktoba. Mkataba unadai nyasi zilizopandwa ziote na zidumu. Magugu yaliyokatazwa na sheria za jimbo lazima yadhibitiwe, na mbigili wa kwako ukienda kwa jirani, simu ya kwanza inapigwa ofisi ya kaunti. Katikati ya mkataba hudaiwa kazi ya kuhuisha nyasi: kuchoma kwa mpangilio, kukwangua udongo juujuu, au kuongeza mbegu.

Kosa la kawaida kabisa ni la kistaarabu: kufyeka ili papendeze. Kufyeka kwa ajili ya sura ni marufuku, na katika msimu mkuu wa ndege kutaga hairuhusiwi kugusa nyasi bila kibali. Iowa msimu huo ni kuanzia 15 Mei hadi 1 Agosti, Kansas ni kuanzia 15 Aprili hadi 15 Julai. Mwenye ardhi anayeishi mjini hulipa kijana na trekta apitishe mashine Juni, kwa nia njema, na analetewa barua.

Kukata majani makavu au kulisha kunaruhusiwa kwa masharti. Kukiwa na ukame wa daraja la D2, yaani ukame mkali, au zaidi kwenye ramani ya ukame ya taifa, kaunti hufunguliwa kwa dharura na pango halipunguzwi. Pasipo dharura, ruhusa ikitolewa pango la ekari husika hukatwa 25%. Njia zote mbili zinahitaji kuomba kwanza. Anayefunga majani kwanza na kuomba baadaye amevunja mkataba, hata kama ukame ulikuwepo kweli.

Mkataba ukivunjwa kabisa, mwenye ardhi hurudisha malipo yote aliyowahi kupokea, pamoja na riba, na fidia ya 25% ya pango la mwaka mmoja. Katika mfano wetu, anayetoka mwaka wa nane ana zaidi ya dola 77,000 za kurudisha, kabla ya riba. Ndiyo sababu anayenunua shamba lenye CRP lazima aulize mapema: mnunuzi anaweza kuurithi mkataba, lakini asiposaini kuurithi, deni linamfuata muuzaji, na mauzo yameshaharibika.

Mpangaji naye yumo. Shamba linapokuwa na mtu anayelima kwa kukodi, kanuni zinataka maslahi yake yalindwe. Kwenye mkataba mgao wa kila mmoja huandikwa kwa asilimia, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kaunti nzima nayo ina kinga yake: kwa kawaida CRP haitakiwi kupita 25% ya mashamba ya kaunti. Ardhi ikipumzika, muuza mbolea, fundi wa mashine na ghala la nafaka hukosa kazi, wakati hundi ya pango inaweza kwenda kwa mrithi aishiye Chicago. Kikomo kinaweza kulegezwa, lakini kipo kwa ajili ya mji.

EQIP: kulipwa kwa kazi iliyokwisha

Mpango wa Motisha za Ubora wa Mazingira, EQIP, ulianza na sheria ya kilimo ya 1996 na uko chini ya NRCS. Hapa ardhi inaendelea kuzalisha. Serikali inalipia sehemu ya kazi mahususi: mazao ya kufunika udongo, namba 340, uzio wa kugawa malisho, namba 382, hori na tangi la maji, namba 614, hifadhi ya samadi, namba 313, mkondo wa nyasi, namba 412. Nusu ya fedha za mpango imetengewa mambo ya mifugo, kwa hiyo kaunti ya maziwa au kuku itakuwa na hundi chache lakini kubwa, na kaunti ya mahindi itakuwa na nyingi ndogondogo.

Kiwango si risiti. Kila jimbo hutoa jedwali la bei kwa mwaka, lililokokotolewa kutoka makadirio ya gharama, na mchango haupiti 75% ya makadirio hayo. Tuseme jedwali linasema dola 70 kwa ekari ya mazao funika. Mkulima aliyetumia 85 analipwa 70, na aliyetumia 130 kwa kukodi ndege ya kumwaga mbegu naye analipwa 70. Bei ya vyuma ikiruka baada ya mkataba kusainiwa, tofauti ni ya mkulima. Wakulima wapya, yaani wasiozidisha miaka 10 ya kulima, maveterani na wenye kipato kidogo (na hadi 2025, makundi yaliyobaguliwa zamani) wanaweza kupata hadi 90%, na wanaweza kuomba angalau nusu ya fedha mapema. Fedha za mapema zina saa inayohesabu: zitumike ndani ya siku 90 au zirudishwe.

Hatua zenyewe si nyingi, ila mpangilio wake hauvumilii mzaha. Unafungua faili FSA. Fundi wa NRCS anatembelea shamba na kutaja tatizo la kitaalamu, kwa mfano mmomonyoko wa makorongo au maji machafu yanayoingia kijitoni. EQIP hulipia tatizo, haikulipii ndoto ya kuwa na uzio mpya. Unasaini fomu ya maombi, CPA-1200. Maombi hupokelewa mwaka mzima, lakini hupangwa kwa alama katika tarehe zilizowekwa na jimbo. Ukikosa tarehe unasubiri kundi lijalo. Ukishinda, unasaini mkataba wenye ratiba ya nini kitafanyika mwaka gani. Ndipo unaanza kazi.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza watu kuliko zote. Anayeanza kujenga kabla ya mkataba kusainiwa na pande zote mbili hapati kitu kwa kazi hiyo, hata kama imejengwa vizuri kuliko mchoro. Mkandarasi ana nafasi wiki hii, udongo umekauka, mkulima anasema tuanze tu. Yupo anayeweza kuombewa msamaha maalumu, lakini lazima nao uwe umetolewa kabla ya jembe kugusa ardhi.

Mengine yanayokwamisha hundi: uzio umehamishwa mita chache kukwepa mwamba na sasa hauko kwenye ramani; unene wa zege haukupimwa kabla halijamwagwa; lebo za mbegu zimetupwa, kwa hiyo hakuna ushahidi wa aina wala kiasi; mazao funika yalipandwa baada ya tarehe ya mwisho kwa sababu mavuno yalichelewa. Kila moja lingetatuliwa kwa simu moja kwa fundi kabla ya kazi, kwa kuwa mkataba hurekebishika. Baada ya kazi, hurekebishika kwa shida.

Mipango miwili iliyobaki

CSP, yaani Mpango wa Usimamizi wa Hifadhi, uliopata jina lake la sasa mwaka 2008, hulipa shamba zima kwa miaka mitano: kidogo kwa hifadhi iliyokwishafanywa, zaidi kwa hatua mpya zinazoongezwa. Mkulima asiyelima kwa kutifua tangu zamani, ambaye EQIP ilimpita kwa sababu hakuwa na tatizo, hupata nafasi hapa. Nao una kikomo cha malipo kwa kila mtu.

Haki ya hifadhi ya kudumu ni biashara tofauti kabisa. Mmiliki anauza haki ya kulima ardhioevu yake, na zuio linaandikwa kwenye hati ya ardhi, likimfunga yeye na kila atakayenunua baada yake. Ya kudumu hulipwa thamani yote ya haki hiyo, ya miaka 30 hulipwa kati ya nusu na robo tatu. Malipo ya mara moja kama haya huweza kuifanya kaunti ndogo ionekane kinara wa jimbo kwa mwaka mmoja, kisha ikapotea.

Makaratasi yanayofunga milango yote

Kabla ya dola yoyote, mwombaji anathibitisha kwa fomu CCC-941 kwamba wastani wa kipato chake hauzidi dola 900,000 kwa mwaka, ukiacha misamaha michache. Fomu CCC-902 inaeleza nani anachangia nini shambani. Halafu kuna AD-1026, karatasi nyepesi yenye meno makali. Ndani yake unaahidi kutolima ardhi inayomomonyoka bila mpango, na kutogeuza ardhioevu kuwa shamba. Mpaka wa tarehe ni 23 Desemba 1985: ukilima zao la msimu kwenye ardhioevu iliyokaushwa baada ya hapo, unapoteza haki ya malipo. Tangu 28 Novemba 1990, kuikausha tu ili iweze kulimika kunatosha kukutoa, hata usipopanda.

Anayetaka kulaza mabomba ya kutoa maji chini ya ardhi, kung'oa miti au kuchimba mfereji arudie fomu hiyo kwanza. Kosa kwenye kona ya ekari mbili linaweza kuzuia malipo ya mashamba yake yote, katika kaunti zote, pamoja na msaada wa serikali kwenye bima ya mazao.

Ukikataliwa, soma tarehe ya barua. Kwa kawaida una siku 30 kuomba ofisi iangalie upya, kwenda kwa kamati, kuomba usuluhishi, au kupeleka shauri kwenye kitengo cha taifa cha rufaa cha wizara. Barua iliyokaa wiki tano juu ya friji imeshamaliza mjadala.

Na kodi ya mapato ipo. Malipo huripotiwa kwa fomu 1099-G. Pango la CRP kwa anayelima hutozwa pia kodi ya kujiajiri, isipokuwa kwa anayepokea pensheni ya uzee au ya ulemavu kutoka Hifadhi ya Jamii. Sehemu ya fedha za kuchangia gharama inaweza kuachwa nje ya kipato chini ya kifungu cha 126 cha sheria ya kodi. Tofauti hiyo peke yake ni sababu ya kutochanganya CRP na EQIP kwenye hesabu za mwaka.

Kurudi kwenye orodha

Anayetaka kuisoma orodha ya kaunti kwa haki aanze na kichwa cha safu. Je, mwaka ni wa kalenda, wa fedha au wa mkataba? Hundi ya Oktoba 2023 ni ya mwaka wa fedha 2024. Je, kaunti ni ya shamba au ya anuani ya mpokeaji? Orodha zinazopanga kwa shamba zitaonyesha majina yenye anuani za Florida na Arizona, wengi wao wajane, warithi na wastaafu walioondoka lakini hawakuuza. Je, ni hundi za FSA peke yake, au na za NRCS zimo? Orodha isiyo na NRCS itakuonyesha mapango na kukuficha mabwawa.

Kanzidata maarufu ya EWG, shirika la kutetea mazingira linalochapisha malipo ya ruzuku za kilimo, inaanzia 1995, kwa hiyo jumla kubwa utakayoiona juu ya ukurasa ni ya miongo mitatu. Igawe kwa miaka, kisha kwa ekari kama unazipata, ndipo uilinganishe na kaunti jirani.

Jina la mpokeaji na kiasi alicholipwa ni taarifa za umma. Mipaka ya shamba lake, ramani zake na aliyoyaeleza kwenye maombi vimefungwa na kifungu cha 1619 cha sheria ya kilimo ya 2008. Kwa hiyo kutoka mezani unaweza kujua kwamba fulani analipwa dola 460 kila Oktoba, lakini huwezi kujua ni kwa ukanda upi wa kijito kipi, wala kama nyasi zilizolipiwa zimesimama. Hilo la mwisho linajulikana kwa fundi aliyekagua, kwa mwenye ardhi, na kwa yeyote anayepita barabarani mwezi wa Julai akijua anachotazama.